Mizani ya Mikese hupima tani, moshi hupita bure

MIKESE, Morogoro – Lori lililopakia shehena bandarini Dar es Salaam na kuelekea bara huulizwa uzito wake njiani. Mikese, mwendo mfupi kabla ya kuingia Morogoro mjini, ni mahali ambapo madereva wengi hupajua kwa sababu hiyo moja: mizani. Gari hupandishwa juu ya chuma, namba hutokea, karatasi hutoka, na mwenye mali hujua papo hapo kama safari inaendelea au kama ana deni la kulipa.

Kando ya barabara hiyo hiyo kuna soko la aina nyingine. Mkaa hupangwa kwa magunia, matunda na ndizi za milimani huwekwa kwa mafungu na mikungu, na bei hupatikana kwa macho na maneno. Mnunuzi hutikisa gunia, muuzaji huapa kwamba limeshindiliwa, na biashara hufungwa bila mtu yeyote kujua kilo ni ngapi.

Kwa mfanyabiashara anayetazama mbali, vitu vitatu vikubwa hupita katika ukanda huu kila siku kuelekea mijini au kutoka mijini. Cha kwanza ni tani za mizigo. Cha pili ni maji ya Milima ya Uluguru, ambayo huteremka hadi kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Cha tatu ni moshi wa magari na wa mkaa. Tani zina mizani, sheria na stakabadhi. Maji yana vipimo, ingawa havitoshi. Moshi hauandikiwi stakabadhi yoyote.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini biashara mpya ya vipima vya miji, ambayo imeenea duniani katika miaka ya karibuni, hufaulu mahali fulani na kufa mahali pengine. Vipima hivyo ni vifaa vidogo vya elektroniki vinavyofungwa kwenye nguzo, madaraja, mabasi na hata pikipiki. Hupima vumbi, moshi, joto, kelele au kina cha maji, kisha hutuma taarifa kwa laini ya simu hadi kwenye kompyuta moja. Vikiwa vingi na vikizungumza pamoja, huitwa mtandao wa vipima. Nia yake ni kuufanya mji ukalike: watu wapumue vizuri, wapate maji, wasishtukizwe na mafuriko.

Bei ya vifaa hivi imeshuka sana. Kipima hewa cha kawaida huuzwa kwa dola mia kadhaa za Marekani, wakati kituo kamili cha kupima hewa kwa viwango vya serikali hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo kikwazo kikubwa si bei ya kununulia. Kikwazo ni nani ataendelea kulipa baada ya kipima kufungwa.

KWA NINI TANI ZINA MIZANI

Historia ya mizani ni somo zuri la uchumi. Barabara haikuwekewa mizani kwa sababu mtu fulani alipenda takwimu. Iliwekewa kwa sababu uzito uliozidi una hasara inayoonekana na yenye mwenyewe. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa barabara hayaongezeki sawasawa na uzito. Ekseli ikibeba mara mbili ya uzito wake, huiumiza lami takriban mara 16. Msafirishaji aliyeongeza tani chache alipata faida yake peke yake, lakini mashimo yakawa ya wote.

Nchi za Afrika Mashariki ziliweka jambo hilo katika sheria ya pamoja ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, na Tanzania ikaanza kuitumia mwaka 2019. Kikomo cha juu cha uzito wa gari na mzigo wake ni tani 56, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake.

Hata kabla ya hapo, namba za mizani zilikuwa zikigombewa. Oktoba 2013 Wizara ya Ujenzi ilifuta nafuu ya asilimia 5 ambayo wasafirishaji walikuwa wakiipata pale mzigo unapozidi kidogo. Malori yaligoma kusafiri, bandari ikaanza kulemewa, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliingilia kati na kuirudisha nafuu hiyo. Asilimia 5 tu zilitosha kusimamisha usafiri wa mizigo wa nchi nzima kwa siku kadhaa.

Mgogoro ule unaweza kuonekana kama kero, lakini mfanyabiashara makini aliona kitu kingine. Kipimo kinachogombewa ni kipimo chenye fedha ndani yake. Kinakuwa na mtunzaji, mkaguzi na fundi. Kikiharibika leo, kesho kuna mtu anayepiga simu kwa hasira.

Mizani yenyewe nayo ina gharama yake. Malori yakijipanga kwenye foleni huku injini zikinguruma, dizeli ya msafirishaji huungua bila kusogea na moshi huwakuta wachuuzi na wakazi wa kando ya barabara. Ndiyo sababu kituo cha Vigwaza, mkoani Pwani, kilijengwa kwa vipima vilivyofukiwa barabarani ambavyo hupima lori likiwa katika mwendo. Gari lisilotiliwa shaka huachwa lipite, na lile lililoonyesha dalili ya kuzidi ndilo huelekezwa kwenye mizani ya kusimama. Faida ya kifaa hicho inahesabika kwa saa na kwa lita za mafuta. Faida kwa mapafu ya watu wa kando ya barabara ipo pia, lakini haijawekewa bei.

MTO UNA RULA, NA MNUNUZI WAKE

Kitu cha pili ni maji. Mvua ya Uluguru ndiyo mtaji wa mji wa Dar es Salaam. Miteremko ya mashariki ya milima hiyo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kutoka humo hutoka Mto Ruvu na vijito vyake. Upande wa magharibi na kaskazini hutoka Mto Ngerengere, unaojaza bwawa la Mindu linalonywesha Morogoro mjini, kisha huendelea kuelekea mashariki hadi kuungana na Ruvu.

Jiji la Dar es Salaam limejengewa mitambo miwili mikubwa juu ya mto huo: Ruvu Juu pale Mlandizi, wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, wenye uwezo wa lita milioni 270. Jumla ni lita milioni 466. Oktoba 2022, baada ya ukame, ilitangazwa kwamba uzalishaji umeshuka hadi lita milioni 300 kwa siku. Zaidi ya theluthi moja ya maji ya jiji la kibiashara la nchi ilikuwa haipo. Mgawo ulitangazwa, viwanda na mahoteli vikajipanga upya, na biashara ikahamia kwa wenye maboza, matenki na madumu.

Mto huo haukuwa bila vipimo. Tangu miaka ya 1950 Ruvu umekuwa na rula zilizosimikwa majini, pamoja na ile ya kwenye daraja la Barabara ya Morogoro, ambapo mtu wa karibu huajiriwa kusoma kina asubuhi na jioni na kuandika daftarini. Siku hizi kazi hiyo inaweza kufanywa na kipima kinachofungwa chini ya daraja, ambacho husoma kina cha maji na kukituma ofisini kwa simu. Maji yakianza kupungua milimani, au mafuriko yakianza kuteremka, mitambo ya chini hupata muda wa kujiandaa.

Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro, ndiyo inayosimamia mito hii. Tofauti na hewa, maji yana mnunuzi anayejulikana. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, anayechukua maji mtoni kwa matumizi makubwa huhitaji kibali na hulipa ada. Mamlaka ya maji ya jiji, kiwanda cha vinywaji na shamba la umwagiliaji wote wamo kwenye daftari. Palipo na ada, kuna hoja ya kununua betri ya kipima.

Uluguru pia ni mahali ambapo wazo la kulipia mazingira lilijaribiwa kwa fedha taslimu. Kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa malipo kwa huduma za vyanzo vya maji katika eneo la Kibungo. Wanunuzi walikuwa kampuni ya maji ya Dawasco na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza, na wauzaji walikuwa wakulima wa milimani. Mkulima aliyechimba matuta, aliyepanda miti au aliyeacha kulima kwenye mteremko mkali alilipwa, kwa sababu udongo unaobaki shambani ni udongo ambao mtambo wa chini hauingii gharama ya kuuchuja.

Biashara ya namna hiyo haiwezekani bila kipimo. Ili mnunuzi atoe fedha kwa furaha, lazima aone kwamba tope limepungua. Na tope la mto hubadilika kwa saa: mvua moja ya usiku inaweza kubeba udongo mwingi kuliko wiki nzima ya jua. Msomaji wa rula anayefika mara mbili kwa siku, au mtaalamu anayechota chupa moja kwa mwezi, hatauona usiku ule. Kipima kinachosoma kila baada ya dakika chache kingeuona. Mkulima wa mlimani naye anakihitaji kipima hicho, kwa kuwa ndicho shahidi wake anapokwenda kudai malipo.

MOSHI NA LUMBESA

Wakulima na wachuuzi wa Morogoro wanaijua lumbesa vizuri. Gunia hujazwa, kisha huongezwa kichwa kilichoshonewa juu, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja huku akitoa karibu gunia na nusu. Sheria ya vipimo inakataza, kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukifanya kampeni mwaka hadi mwaka. Lumbesa haitokani na ujinga wa mkulima. Inadumu kwa sababu pale biashara inapofanyika hapana mizani, na aliye na haraka ya fedha ndiye anayebeba hasara.

Hewa ya mijini huuzwa kwa utaratibu huo huo. Mwenye gari bovu, mwenye kuchoma taka na mwenye kiwanda huongeza kichwa juu ya gunia, na anayelipa ni mtu wa kando ya barabara ambaye hajui amebebeshwa kiasi gani.

Chukua mkaa unaopita katika ukanda wa Morogoro. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Thamani ya biashara hiyo kwa uchumi ilikadiriwa kuwa dola milioni 650 kwa mwaka. Ni fedha nyingi, na familia nyingi za vijijini zimesomesha watoto kwa fedha hizo. Lakini bei ya gunia haikuwahi kuwa na ndani yake gharama ya jiko lenye moshi, wala ya miti iliyokuwa ikishika udongo wa vyanzo vya maji.

Serikali imeanza kubadili mwelekeo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo kubwa. Mitungi ya gesi iliyouzwa itahesabika kwa urahisi. Kujua kama hewa ya Manzese, Mbagala au Kihonda imekuwa safi zaidi kutahitaji kitu kingine.

Kitu hicho kinafanya kazi hivi. Ndani ya kipima kuna feni ndogo inayovuta hewa na kuipitisha mbele ya mwanga wa leza. Chembechembe za moshi zikipita, hutawanya mwanga, na kifaa huhesabu mtawanyiko huo. Zinazotafutwa zaidi ni chembe zenye upana usiozidi maikroni 2.5, ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo linachokipendekeza kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, kwa wastani wa mwaka. Shirika hilo linakadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya majumbani huchangia vifo milioni 7 kwa mwaka duniani.

Kifaa cha bei nafuu kina udhaifu wake, na mnunuzi anapaswa kuujua. Unyevunyevu hukidanganya. Chembe ya vumbi iliyonyonya maji huvimba, na leza huiona kubwa kuliko ilivyo. Kipima kilichofungwa chini ya Uluguru kinaweza, asubuhi ya ukungu, kutoa namba ya kutisha ambayo nusu yake ni maji. Kwa hiyo kila kipima cha bei ndogo huhitaji kuwekwa kwa muda kando ya kituo kikubwa cha kuaminika, na hesabu zake kurekebishwa. Jambo hilo si geni kwa mwenye duka. Mizani ya sukari nayo hukaguliwa na kugongwa muhuri, na isiyo na muhuri haiaminiwi hata kama mshale wake unacheza vizuri.

KAMPALA YATENGENEZA MIZANI YAKE

Mfano mzuri wa Afrika Mashariki upo Uganda. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha, walianzisha mradi wa AirQo. Vifaa vilivyoagizwa kutoka nje vilikuwa ghali na havikuvumilia vumbi, joto na umeme unaokatika. Wao wakaunda vyao, vinavyotumia umeme wa jua na kutuma taarifa kwa laini ya kawaida ya simu.

Vipima vilifungwa kwenye nguzo na majengo ya Kampala, na vingine vikapewa waendesha bodaboda. Pikipiki ina betri yake, inazunguka mji mzima, na hupita kwenye vichochoro ambavyo gari la utafiti haliwezi kufika. Kwa kutumia vituo vichache vikubwa vya kulinganishia na hesabu za kompyuta, taarifa za vifaa vya bei ndogo zikarekebishwa. Halmashauri ya jiji ikawa mshirika, na mradi ukaenea katika miji mingine ya Afrika. Mfuko wa hisani wa Google uliuchangia dola milioni 3.

Kwa Morogoro, somo la Kampala ni la viwandani. Karibu kila kitu kilichofanyika huko kinaweza kufanyika katika mji wenye chuo kikuu, mafundi wa elektroniki na mitandao ya simu. Morogoro ina vyote hivyo. Ina Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu 1984, na chuo hicho si kigeni katika kazi ya kunusa hatari: shirika la APOPO limekuwa likifunza panya hapo kutambua mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Panya hao nao hupimwa usahihi wao kabla ya kupewa kazi.

MSAADA UKIKATIKA

Swali gumu linabaki la fedha za kila mwezi. Hapa dunia imetoa mafunzo mawili ya karibuni.

Kwa miaka mingi balozi za Marekani katika miji kadhaa, ikiwamo Kampala, zilikuwa na vituo vikubwa vya kupima hewa na kutangaza namba zake bure. Watafiti wa Kiafrika walivitumia kulinganishia vipima vyao vidogo. Machi 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilisimamisha kutangaza taarifa hizo, ikitaja ufinyu wa bajeti. Kwa uamuzi mmoja wa ofisi moja ya mbali, miji mingi ilipoteza mizani iliyokuwa ikitegemewa na wengi.

Hata wenye fedha hawakuepuka. Jiji la Chicago lilianza mwaka 2016 kufunga vipima kwenye nguzo za barabarani katika mradi ulioitwa Array of Things, kwa ruzuku ya zaidi ya dola milioni 3 kutoka mfuko wa sayansi wa taifa. Ulikuwa mradi maarufu duniani. Lakini ulikuwa utafiti, na utafiti una mwisho. Mwaka 2021 kampuni ya Microsoft ilifunga vipima vingine zaidi ya 100 kwenye vituo vya mabasi vya jiji hilo hilo, na huo nao ulikuwa mradi wa utafiti.

Beijing ilikwenda njia nyingine. Namba za hewa ziliwekwa katika malengo ya serikali, na wakuu wa maeneo wakadaiwa matokeo. Wastani wa mwaka wa chembe ndogo ulikuwa mikrogramu 89.5 mwaka 2013, na mwaka 2021 ukashuka hadi 33. Vipima havikusafisha hewa. Vilichofanya ni kumnyima mhusika nafasi ya kubisha. London nayo, mwaka 2019, ilianza kutoza pauni 12.50 kwa siku gari chafu linaloingia katikati ya jiji. Moshi wa pale ukapata stakabadhi.

NANI ALIPE

Hesabu ya mji wa kiasi cha Morogoro haitishi. Ikichukuliwa kwamba kipima kimoja ni dola 300, vipima 20 vitagharimu dola 6,000, chini ya bei ya gari dogo lililotumika. Gharama ya kweli huanza baada ya hapo: vocha za simu, kusafisha vumbi, betri, fundi wa kupanda nguzo, mlinzi wa kuzuia wizi, na kifaa kipya kila baada ya miaka michache. Mradi wa msaada hununua vipima 20 na kupiga picha. Ni nadra kununua mwaka wa tano.

Nchi ina mfano wake wa ndani wa kulipia kitu kidogo kidogo. Kila lita ya dizeli na petroli hutozwa fedha za Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa kwa sheria ya 1998. Mwenye lori hulipia lami kila anapojaza tangi, apende asipende. Kazi ya mfuko huo ni barabara, na hapana utaratibu wa namna hiyo kwa hewa inayochafuliwa na lita hiyo hiyo. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu 2007, na msimamizi wake yupo. Kinachokosekana kati ya kanuni na mchafuzi ni namba inayosomwa kila siku mahali panapojulikana, yenye muhuri ambao mahakama na mfanyabiashara wote wataukubali.

Wanunuzi wa namba hiyo wapo. Mfuko wa bima ya afya hulipia dawa za pumu na moyo. Mamlaka ya maji hulipia dawa za kusafisha tope. Mwenye shule anayetaka kujenga kando ya barabara kuu, mwenye kampuni ya mabasi anayeamua njia, mwenye ghala anayeogopa mafuriko, wote hao hufanya maamuzi ya mamilioni kwa kukisia. Wakichanga kidogo kidogo, kipima hakitahitaji mfadhili.

Kuna jambo moja lisilosubiri. Kipimo cha leo hakiwezi kuchukuliwa kesho. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na abiria wengi wakaacha mabasi. Kila mtu anaweza kuhesabu tiketi zilizouzwa. Kusema moshi umepungua kiasi gani kando ya barabara kunahitaji kipima kilichokuwapo kabla ya treni ya kwanza kuondoka. Bwawa la Kidunda kwenye Mto Ruvu, ambalo mkataba wa ujenzi wake ulitiwa saini Novemba 2022 na linalokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, litaleta swali kama hilo kwa maji na tope. Anayetaka kujua faida ya mtaji wake lazima apime kabla ya kuwekeza.

Mikese si jiji, na wakazi wake hawajadai kuwa na vifaa vya Chicago. Lakini wanakaa pale ambapo tani za bandari, maji ya milima na moshi wa wote hukutana, na wameona kwa macho yao jinsi barabara ilivyopata heshima baada ya kupata mizani. Msafirishaji hapakii tena bila kufikiria Mikese. Mwenye kuchafua hewa hajapata bado mahali pa kumfikirisha hivyo.

Katika soko la wiki hizi, wauzaji wa vipima ni wengi na bei iko chini. Bidhaa adimu ni mteja wa kudumu mwenye bajeti ya mwaka wa tano. Halmashauri, bodi ya bonde au mfuko wa afya utakaoanza kununua namba kwa ada ya kila mwezi utakuwa umeanzisha soko, na mafundi wa Morogoro watajua la kufanya baada ya hapo. Kabla ya hapo, hewa itaendelea kuuzwa kwa lumbesa.